Gereza, Soko na Maji Machafu: Mizani ya Mafakihi Mji Unapokua

 

Wanafunzi wetu wametuletea swali ambalo halimo katika milango ya fiqhi waliyoizoea. Mji umekua. Gereza limejaa na dola inataka kulipanua. Wafanyabiashara wanaitamani ardhi hiyo hiyo kwa maduka, hoteli na nyumba za kupangisha. Na maji machafu ya mji mzima, ya wafungwa na ya walio huru, hayana pa kwenda. Imamu wa mtaa akiitwa katika kikao cha wananchi, kama inavyotakiwa nchini Kenya tangu Katiba ya mwaka 2010, aseme nini?

Ndugu msomaji, usilione swali hili kuwa ni la madiwani na wahandisi peke yao. Maimamu wanaitwa kweli katika vikao hivyo, na tumeshuhudia mara nyingi wakiombwa kufungua kwa dua na kufunga kwa dua, na baina ya dua mbili hizo wanyamaze. Sababu ni kwamba wengi wetu tunadhani sheria haina la kusema. Inalo, tena kwa urefu.

Tuanze na mfano ulio mlangoni petu. Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi, kabla ya kuvuka daraja la Mtwapa, hulipita Gereza la Shimo la Tewa. (Tewa ni yule samaki wa miambani anayejulikana na kila mvuvi, mahali pamejulikana kwa samaki kabla ya kujulikana kwa pingu.) Pana mambo matatu yanayovutana hapo. Kwanza gereza lenyewe, ambalo kwa miaka mingi limebeba watu kuliko nafasi yake. Pili, fukwe za Shanzu na mji wa Mtwapa ng'ambo ya maji, ambako thamani ya ardhi haishuki. Sehemu za ardhi ya gereza ziliwahi kuingia mikononi mwa watu binafsi, ikabidi dola iende mahakamani kuzidai. Tatu, hori la Mtwapa na mikoko yake, chaza wake na wavuvi wake, ambalo ndilo lililopokea maji machafu yaliyotoka gerezani.

Mwaka 2009 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitangaza mradi wa kuyasafisha maji hayo kwa kinamasi cha kutengenezwa. Hesabu iliyotajwa ilikuwa ya watu wapatao 4,000. Utaratibu wake si mgumu kuuelewa: maji hutulia kwanza katika tangi ili mazito yazame, kisha hupitishwa polepole katika kitanda cha kokoto kilichooteshwa matete, na vijidudu vilivyo kwenye mizizi hula uchafu. Yatokayo mwisho yanaweza kumwagilia shamba. Tutarudi kwenye maji hayo, kwa sababu yana mas-ala yake.

Mombasa yenyewe si mara ya kwanza kuwa na mvutano wa namna hii. Ngome iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, Waingereza waliifanya gereza mwaka 1895, ikabaki hivyo hadi 1958, mlangoni kabisa mwa Mji wa Kale na bandari yake ya majahazi. Ilipofunguliwa kuwa jumba la makumbusho, pahala pa minyororo pakawa pahala pa biashara ya wageni. Wajuzi wa lugha wanasema hata neno letu "gereza" asili yake ni neno la Kireno la kanisa. Ndiyo maana ngome ya Kilwa Kisiwani nayo huitwa Gereza.

Baghdad: soko lilitolewa, gereza likabaki

Mfano mkubwa zaidi katika tarikh ya Kiislamu ni wa Baghdad. Khalifa Abu Jaafar al-Mansur alianza kuujenga mji wa duara mwaka 145 H (762). Ndani ya kuta alipanga kasri lake, msikiti wa jamia, nyumba za askari na maofisa, masoko, na gereza lililoitwa al-Matbaq. Haikupita miaka mingi mambo yakabanana.

At-Tabari na al-Khatib al-Baghdadi wanasimulia kuwa mjumbe wa Warumi alitembezwa mjini, kisha akaulizwa anaonaje. Akausifu ujenzi, lakini akatoa aibu zake: maji ni haba, hapana kijani, na maadui wa khalifa wamo naye ndani ya ukuta, akikusudia masoko, kwa kuwa jasusi huingia akiwa mfanyabiashara na hakuna wa kumzuia. Zipo riwaya nyingine: kwamba moshi wa mafundi ulichafua kuta, na kwamba muhtasib wa mji, Abu Zakariyya Yahya bin Abdillah, alishiriki njama dhidi ya khalifa akiwatumia watu wa sokoni, akauawa. Kwa vyovyote, mwaka 157 H (773/774) al-Mansur aliyahamishia masoko Karkh, nje ya ukuta upande wa kusini. Akaruhusu katika kila mtaa muuza mboga mmoja tu, auze majani na siki. Maji nayo yakaletwa kwa mifereji.

Matokeo yake yanafaa kuzingatiwa. Karkh ilistawi hadi ikaushinda mji wa duara wenyewe. Al-Mansur hakuwatoza wenye maduka kodi ya viwanja. Kodi ililetwa zama za mwanawe al-Mahdi, mwaka 167 H. Na gereza? Gereza hakuna aliyelihamisha. Soko lilitolewa kwa ajili ya usalama wa mtawala, na al-Matbaq likabaki ndani kwa ajili hiyo hiyo.

Na hali ya al-Matbaq tunaijua kwa habari za waliofungwa humo. Yaaqub bin Daud, waziri wa al-Mahdi, alipoghadhibikiwa alitiwa katika shimo humo. Akawa anateremshiwa mkate na maji, na kujulishwa nyakati za swala, kwa kuwa hakuuona mchana wala usiku. Alipotolewa zama za Harun ar-Rashid alikuwa amepofuka. Hakuomba cheo, aliomba aende Makka, akafia huko. Huyu alikuwa waziri. Wezi wa mitaani waliokuwa karibu naye hawakuandikiwa historia.

Tumelirefusha hili kwa sababu linaonyesha kosa ambalo miji hulirudia: mizani ilipimwa baina ya mtawala na mfanyabiashara, na waliomo ndani ya gereza hawakuwekwa hata katika kitanga kimoja.

Gereza ni nini katika sheria

Wengi hudhani kuwa kifungo katika Uislamu ni jengo. Sivyo. Ibnul Qayyim katika kitabu chake at-Turuq al-Hukmiyya anaeleza kuwa kifungo cha kisheria si kumtia mtu mahali pa dhiki, bali ni kumzuia asiende atakako, iwe nyumbani, msikitini, au kwa kuandamwa na mdai wake. Zama za Mtume (s.a.w.) halikuwepo jengo la gereza. Thumama bin Uthal alifungwa kwenye nguzo ya msikiti, akahudumiwa, kisha akaachiwa, akasilimu. Na imepokewa katika Sunan kuwa Mtume (s.a.w.) alimzuia mtu kwa tuhuma kisha akamwachia.

Watu walipokuwa wengi zama za Umar (r.a.), gavana wake wa Makka, Nafi' bin Abdil Harith, alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya iwe gereza. Al-Bukhari ameitaja habari hii, na ina faida kubwa kwa mas-ala yetu. Kwanza, ilinunuliwa, haikuchukuliwa kwa nguvu kwa hoja ya maslahi ya umma. Pili, biashara iliwekewa sharti: Umar akiridhia, imetimia, asiporidhia, Safwan analipwa mia nne kwa kungojeshwa. Riwaya nyingine zinataja bei ya dirhamu 4,000. Hebu tazama: dola inahitaji gereza, na mwenye mali analindiwa hata muda wake wa kusubiri.

Ali (r.a.) naye alijenga gereza Kufa kwa matete, akaliita Nafi', wezi wakalitoboa wakatoka. Akajenga jingine imara akaliita Mukhayyis. Kwa hiyo asiwepo wa kusema kuwa kujenga au kuimarisha gereza kumekatazwa. Ni jambo la haja, na haja hupimwa.

Ni nani aliyeipima vizuri zaidi? Kwa maoni yetu ni Kadhi Abu Yusuf (aliyefariki mwaka 182 H), mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, katika Kitab al-Kharaj alichomwandikia Harun ar-Rashid. Alimtaka khalifa awakadirie wafungwa wasio na kitu chakula chao kwa mwezi, akataja dirhamu kumi, na fedha zipelekwe na mtu mwaminifu zikabidhiwe mkononi mwa mfungwa kwa jina lake, maana mkate ukipitia kwa walinzi hautafika. Akataja nguo za kiangazi na za baridi, za wanaume na za wanawake. Akakemea wafungwa kutolewa na minyororo wakaombe barabarani. Akataka anayefia humo bila jamaa akoshwe, akafiwe kwa fedha ya Baitul Mal, aswaliwe na azikwe.

Kisha akasema lililo kiini cha makala yetu. Hakumshauri khalifa ajenge gereza kubwa zaidi. Alimtaka awaamuru magavana wake wote wazipitie kesi za waliofungwa siku hadi siku: anayestahiki adabu atiwe adabu na aachiwe, asiye na kesi afunguliwe. Akaeleza kuwa wafungwa wamekuwa wengi kwa sababu hakuna anayeyatazama mambo yao.

Ndugu msomaji, maneno hayo yana zaidi ya miaka 1,200 na yanalingana na hali ya magereza yetu. Sehemu kubwa ya waliomo katika magereza ya Kenya ni mahabusu: watu ambao kesi zao hazijaamuliwa, wengi wao wakiwa wameshindwa tu na fedha ya dhamana. Katiba ya 2010, ibara ya 49, inakataza kumweka rumande mtu ambaye kosa lake adhabu yake ni faini peke yake au kifungo kisichozidi miezi sita. Na tangu mwaka 1998 iko sheria ya kumhukumu mkosaji mdogo afanye kazi za jamii badala ya kwenda jela. Zikitumika inavyopaswa, hesabu ya vitanda inabadilika kabla ya jiwe la kwanza la upanuzi kuwekwa, na hesabu ya maji machafu inabadilika pamoja nayo.

Al-Maqrizi (aliyefariki mwaka 845 H), alipoandika habari za magereza ya Misri katika Khitat, alisema kuwa kifungo cha zama zake hakijuzu kwa yeyote katika Waislamu: watu wengi wanasongwa mahali pasipowatosha, hawawezi kutia wudhu wala kuswali, wanaonana tupu zao, na joto na baridi vinawaudhi. Zingatia alichokitanguliza: wudhu. Mahali pasipo na maji ya kutosha na njia ya kuyatoa, kifungo kinageuka kuwa adhabu ambayo hakuna hakimu aliyeitamka. Bomba la maji machafu ni sehemu ya hukumu.

Maji machafu na jirani

Hapa ndipo fiqhi yetu ilipo tajiri. Msingi ni ile hadithi mashuhuri ya kukataza kudhuru na kudhuriana, na mafakihi wamejenga juu yake milango mizima ya majirani, kuta, visima na mifereji.

Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na madhehebu yetu yanajulikana kwa kumwachia mwenye mali nafasi pana. Imam an-Nawawi katika Minhaj anajuzisha mtu kuifanya nyumba yake iliyozungukwa na makazi kuwa hamamu au zizi, na duka lake kuwa la muhunzi katikati ya wauza nguo. Wafanyabiashara wengine huishia hapo. Lakini matini haikuishia hapo: kuna sharti kwamba achukue tahadhari na aimarishe kuta, na kabla yake kuna msingi kuwa kila mmoja hutumia milki yake kwa kadiri ya ada, akivuka anadhamini. Kumwaga uchafu wa watu elfu nne, au wa hoteli yenye vyumba mia tatu, katika maji wanayovua wengine, ni ada ya nani?

Wamaliki ni wakali zaidi. Ibn ar-Rami wa Tunis, aliyekuwa fundi mwashi na mtaalamu wa kuitwa na kadhi kwenda kukagua majengo, alitunga kitabu kizima juu ya hukumu za ujenzi katika karne ya 8 H, na humo anajadili harufu za watengeneza ngozi, moshi, na mifereji ya vyoo baina ya majirani. Tunatamani kitabu hicho kisomeshwe. Mwanafunzi angeona kuwa kadhi mwema alikuwa na fundi pembeni yake.

Na Majalla ya dola ya Uthmaniya, iliyotungwa baina ya mwaka 1869 na 1876 kwa madhehebu ya Hanafi, imeliweka wazi katika kifungu cha 1212: aliyechimba shimo la choo au mfereji karibu na kisima cha mwenzake akayaharibu maji yake, madhara yaondolewe, ikiwa hayaondoki kwa njia yoyote, shimo lifukiwe. Tena kifungu cha 6 kinasema cha kale huachwa kama kilivyo, na cha 7 kinafuatia mara moja kuwa madhara hayawi ya kale. Yaani, dola haiwezi kusema "gereza hili limemwaga hapa tangu zama za Mwingereza", wala mwenye hoteli hawezi kusema "nami nilikuta wanamwaga".

Baadhi ya wanafunzi wametuambia: bahari ni tohara na maji yake ni mengi, uchafu utaidhuru nini? Jawabu ni kuwa wamechanganya milango miwili. Mlango wa tohara unauliza kama maji yanafaa kwa wudhu, na maji mengi hayanajisiki ila yakibadilika rangi, ladha au harufu. Na pale kwenye mdomo wa bomba yamebadilika bila shaka. Mlango wa madhara unauliza swali jingine: je, kuna aliyeumizwa? Mvuvi ambaye chaza wake hawaliki ameumizwa, hata kama katikati ya hori maji yanafaa kwa josho. Na hadithi za kukataza kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kwenye vivuli zilihusu mtu mmoja na haja yake moja.

Tuseme kweli na sisi. Tuliwahi kuswalisha katika msikiti ambao shimo lake la choo lilichimbwa hatua chache kutoka kisima cha jirani. Bwana yule alinunua maji ya mikokoteni kwa miaka, akanyamaza kwa kuuheshimu msikiti. Tulipogundua, kamati ilichukua mwaka mzima kukubali. Kwa hiyo hatulisemi hili tukiwa juu ya mimbari peke yake.

Kupanga mizani

Kanuni ya mafakihi ni kutanguliza kuzuia uharibifu kabla ya kuleta manufaa. Kwa hiyo swali la kwanza kikaoni liwe la maji machafu: yaliyopo leo yanaenda wapi, na yatakayoongezeka yatakwenda wapi? Lielekezwe kwa pande zote mbili kwa sauti moja. Hoteli ina msimu. Gereza halina msimu, watu wake wapo usiku na mchana, na maji yao hayapumziki. Lakini hoteli na maduka nayo huvuta watu wa kuishi jirani, na hao hawamo katika ramani ya mwekezaji.

Swali la pili ni la Abu Yusuf: waliomo gerezani ni akina nani, na wangapi wanangoja kesi? Asiyeweza kulijibu hili hajathibitisha haja ya kupanua.

Manufaa ya fedha yafuate baada ya hayo. Na hapa tuonye juu ya hoja inayosikika kuwa gereza lenyewe huleta ajira na kustawisha mji. Marekani waliijaribu hoja hiyo kuliko taifa lolote, na miji midogo ilishindana kuomba magereza katika miaka ya 1980 na 1990. Gregory Hooks na wenzake walichunguza wilaya za nchi hiyo kati ya mwaka 1969 na 1994, na katika utafiti uliochapishwa 2004 hawakuona ushahidi kuwa gereza lilikuza ajira za wenyeji.

Yamebaki mas-ala mawili tuliyoahidi au kuulizwa. Maji yaliyosafishwa: Baraza la Fiqhi la Rabita huko Makka, katika kikao chake cha 11 mwaka 1409 H (1989), liliamua kuwa maji machafu yakisafishwa hadi isibaki athari ya najisi katika ladha, rangi wala harufu, yamekuwa tohara na yanafaa kwa kuondolea hadathi na najisi, Baraza la Maulamaa Wakubwa wa Saudia lilitangulia kwa uamuzi kama huo mwaka 1398 H (1978). Kuyanywa ni jambo la madaktari. Basi mboga za gereza zinazomwagiliwa kwa maji hayo hazina ubaya, na mfungwa akikosa mengine atie wudhu kwayo, maadamu sifa hizo tatu zimetimia kweli na si kwenye karatasi.

La pili: mtu amekodi duka lililojengwa juu ya ardhi ya umma iliyomegwa kwa hila, naye anaswali humo Adhuhuri na Alasiri, swala yake ina hukumu gani? Kwa jamhuri ya maulamaa, nasi Mashafii tukiwa pamoja nao, kuswali katika ardhi iliyoghusubiwa ni haramu na swala inasihi. Kwa kauli mashuhuri ya Imam Ahmad haisihi. Asiyejua asili ya ardhi hana dhambi. Aliyejua akaendelea kulipa kodi kwa mghusubu anamsaidia katika dhulma, na kodi hiyo haki yake ni ya umma, si ya aliyeandikwa kwenye hati.

Wallahu aalam.